Kabati la Vitabu Visivyoazimwa

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na hapa Kiseke ninachoona dirishani ni paa la jirani na ukungu. Chai imepoa mara mbili mbele yangu. Hali yangu si mbaya. Hali yangu ni ya mtu aliyekamatwa na kosa ambalo ameliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: ninafundisha Kiswahili na isimu kwenye chuo kimoja cha hapa Mwanza. Chuo ni kidogo, mkutubi aliyekuwepo alihamia Dodoma na hakuletwa mwingine, kwa hiyo nasimamia na maktaba. Kazi mbili, ofisi moja, funguo nyingi. Sijawahi kulalamika sana. Napenda vitu vikiwa mahali pake.

Wiki mbili zilizopita tuliambiwa chumba cha nyuma cha maktaba kitawekwa kompyuta, hivyo vitabu vipunguzwe. Walimu wenzangu walibishana kikao kizima kipi kibaki na kipi kiondoke, kila mtu akitetea somo lake. Mimi nikaandika kanuni ya sentensi moja: kitabu ambacho karatasi yake ya nyuma, ile tunayogonga tarehe za kuazima, haina tarehe yoyote ya miaka saba iliyopita, kinaondoka. Hakuna cha mjomba wala shangazi. Kikao kikapiga makofi, na mimi nikafurahi.

Tuliifanya kazi hiyo siku mbili, mimi na Dada Hawa. Huyu ni msaidizi wa maktaba, mzaliwa wa Kirumba, alianza kazi pale kabla yangu na anaweza kukutajia kitabu kilipo huku amekupa mgongo. Yeye alikuwa anafunua ukurasa wa nyuma na kunisogezea. Mimi natazama tarehe, nagonga muhuri wa IMEONDOLEWA, nasukuma upande wa pili. Tukapata mwendo. Sikutazama jalada hata moja. Ningetazama majalada ningeanza kuona huruma, na kanuni niliiandika hasa ili nisione huruma.

Jumatatu gari la mnunuzi wa makaratasi likaja, likapakia, likaondoka.

Jumanne mchana Mwalimu Mafuru akapiga simu.

Mwalimu Mafuru ni mstaafu wa shule ya msingi kutoka Ukerewe, anakaribia miaka themanini. Miaka minane iliyopita alikuja maktaba amebeba kaunta buku tatu ndani ya mfuko wa sandarusi. Alikuwa ameandika humo maneno ya Kikerewe na maana zake, kwa mkono, kazi ya nusu ya maisha yake. Hakuyapanga kwa alfabeti. Aliyapanga kwa mahali yanapotumika: ya shambani, ya ziwani, ya msibani, ya jikoni. Nakala nyingine haikuwepo. Alisema nyumbani kwake paa linavuja na wajukuu wanachana karatasi za kuwashia moto, bora zikae maktaba. Nikamwandikia risiti, nikaigonga muhuri, nikamwambia aondoe wasiwasi.

Nikaziweka kwenye kabati la vitabu visivyoazimwa, chumba cha nyuma. Tangu hapo anakuja mara mbili au tatu kwa mwaka, mfukoni ana vikaratasi vya maneno aliyoyakumbuka au kuyasikia, anakaa meza ya dirishani na kuyaongeza. Ndiye msomaji pekee ninayemruhusu kuandika ndani ya mali ya maktaba.

Kwenye simu alisema atakuja Alhamisi na meli ya asubuhi, amepata maneno mengine. Nikamwambia karibu sana. Nikaenda kulifungua kabati.

Tupu.

Nilielewa haraka, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kitabu kisichoazimwa hakigongwi tarehe. Karatasi za nyuma za kaunta buku zile zilikuwa nyeupe kwa sababu mimi mwenyewe nilikataza zisitoke nje. Nilizifungia zisipotee, kisha nikazitupa kwa kuwa hazikutoka. Mengine yaliyokuwa kabatini yalikuwa mitihani ya zamani na ripoti za wanafunzi, na hayo hayaniumizi. Lakini mtu anayejiita msimamizi wa maktaba alipaswa kuliona jambo hili kabla ya kushika kalamu.

Nilimuuliza Dada Hawa kama aliziona.

"Niliziona, Madam."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema juu ya kile kitabu cha ramani, ukanijibu kanuni ni kanuni. Nikajua basi, ndivyo ulivyoamua."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kupanga magazeti. Mimi nilisimama pale na muhuri bado uko mfukoni mwa koti langu.

Jana sikuingia darasani. Dada Hawa alinipeleka Kirumba kwenye stoo ya yule mnunuzi, ambayo kumbe haiko mbali na kwao. Tulichambua marundo kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Kaunta buku mbili tulizipata, zimeng'olewa majalada lakini kurasa zote zipo. Ya tatu ilikuwa imekwenda sokoni Mwaloni asubuhi hiyohiyo na mzigo wa karatasi za kufungia. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe, karatasi yoyote ina mwenyewe.

Nilizunguka soko lile la samaki nikiuliza kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Sijui nilitembea meza ngapi. Hatimaye mama mmoja wa dagaa, anaitwa Mama Neema, akanyanyuka kidogo kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia, na juu ya mfuniko nikauona mwandiko wa Mwalimu Mafuru: herufi zilizosimama wima, kila moja imeacha nafasi kwa mwenzake, mwandiko wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza. Mama Neema alikuwa ameshachana zaidi ya robo.

Nilimweleza. Alinisikiliza huku anapimia mteja dagaa kwa kopo.

"Pole, mwalimu. Ila mimi sasa nitafungia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Kwenye begi nilikuwa na faili la notisi zangu za isimu, zile ninazosoma mbele ya darasa mwaka wa kumi na tano huu. Nikampa lote. Akachomoa karatasi moja, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hizi nzuri," akasema. "Upande mmoja ni safi."

Kazi yangu haijawahi kutathminiwa haraka namna hiyo.

Njiani kurudi Dada Hawa akanipa shauri. Mzee akija, tumwambie ziko kwa fundi wa kujalidi, zinatengenezwa majalada mapya. Tena ni kweli zinahitaji majalada. Atarudi Ukerewe ameridhika, na sisi tutakuwa tumepata muda wa kufikiri. Shauri lilikuwa zuri na Dada Hawa alilitoa kwa kunionea huruma. Nililala nalo, nikaamka nalo, na asubuhi hii nilipofungua maktaba nilikuwa nimeshaipanga sentensi yenyewe, na nukta yake.

Alifika saa tano, koti limelowa mabegani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imetupiga ziwa zima."

Akakaa mahali pake dirishani. Akatoa vikaratasi vyake, akavipanga mezani. Kisha akatoa kalamu mpya, bado iko ndani ya nailoni yake, akaanza kuifungua kwa meno.

Ile sentensi ya fundi ikaniishia mdomoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kanuni, muhuri, gari, Mwaloni, dagaa. Nilisema kwa utaratibu kama ninayesoma taarifa ya kikao. Ndivyo ninavyosema mambo yanapokuwa makubwa, watoto wangu wananicheka kwa hilo.

Hakuniuliza kwa nini. Alizivuta karibu kurasa zilizopona nilizomwekea mezani, akainama, akazinusa.

"Dagaa kweli," akasema. Halafu: "Zimekaa hapa miaka minane. Yupo mtu aliyewahi kuziomba asome?"

"Hapana, mwalimu."

"Na wewe?"

Nilizifungua siku ile ya kwanza, kuhesabu kurasa kwa ajili ya risiti. Nikamwambia hivyohivyo.

Nimeona aibu leo. Siyo ile ya kosa la kazi, hiyo naijua, inaandikiwa barua na kuisha. Hii nyingine haiandikiwi barua, na nilitamani anigombeze.

Hakunigombeza. Aligeuza kurasa za kaunta buku ya tatu mpaka alipofika palipochanwa. Akapapasa ule ukingo kwa kidole gumba. Akasema hapo ndipo palikuwa pa mama watoto. Maneno ya jikoni na ya kulea, karibu yote alipewa na mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Jioni alikuwa anakaa kizingitini na daftari, mke yuko mekoni, anamtajia huku anamcheka kwa kutojua vitu vya nyumbani kwake mwenyewe.

Alijaribu kuyakumbuka. Alikuwa anataja na kukunja kidole. Yakafika saba. Kidole cha nane kilibaki juu, hakijui kiende wapi, na mimi nikatazama nje kwenye mvua kwa sababu sikuwa na haki ya kukitazama.

Dada Hawa akamletea chai. Alikunywa yote.

Kisha akasema dada wawili wa marehemu bado wapo, Nansio kulekule Ukerewe, wazee lakini vichwa vyao vizima. Nikamwambia basi hata yeye akirudi leo anaweza kuanza kuwauliza. Akatikisa kichwa.

"Mimi hawataniambia. Shemeji akiuliza mambo ya jikoni wanamcheka tu, halafu wananyamaza. Itabidi uje wewe."

"Mwalimu, mimi Kikerewe sikijui."

"Vizuri. Watakueleza polepole."

Nimekubali. Jumamosi ya wiki ijayo, meli ya asubuhi. Nimeshanunua kaunta buku mpya, na nimeona haya kidogo dukani, nilikuwa kama mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza.

Kuna jambo nililofikiri njiani kurudi nyumbani ambalo sikumwambia. Mimi ni Mhaya. Nilikulia jikoni kwa mama, katikati ya migomba, na kila kitu mle ndani kilikuwa na jina. Mama amefariki. Wanangu wamezaliwa hapa mjini na Kihaya chao ni cha kusalimia wageni. Miaka kumi na tano nimesimama mbele ya watu nikieleza lugha inavyokufa, kwa notisi, kwa vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari, na wala sikuwa nimemtazama mtu.

Kabla hajaondoka kuiwahi meli, Mwalimu Mafuru aliniambia neno moja juu ya kabati. Nikizifungia tena humo, anakuja kuzichukua. Hata kama paa lake linavuja. Nikamwambia kwanza zitatolewa nakala, kisha zitakaa rafu ya mbele. Dada Hawa akabandika karatasi mpya nyuma ya kaunta buku ya kwanza, akaniletea muhuri wa tarehe, akanifunulia ukurasa na kunisogezea, vilevile kama tulivyokuwa tunafanya wiki ile. Safari hii niliigeuza kwanza nikatazama mbele. Halafu nikagonga tarehe ya leo, na kwenye jina la mwazimaji nikaandika langu.

Sasa iko mezani hapa, karibu na chai. Nayo imeshika harufu ya dagaa. Nimesoma kurasa sita za shambani na nimeelewa chache, lakini mzee ameandika maana kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Baadhi ya maneno yamekaribiana na ya kwetu mpaka nimeyatamka kwa sauti, peke yangu, nyumbani kwangu.

Sijui shemeji zake watakumbuka mangapi. Yumkini mengine aliyajua marehemu peke yake, na hayo yameshafungia dagaa wa mtu, yakatupwa, yakalowa. Hayo ni yangu. Nitakaa nayo.

Kesho nina kipindi saa mbili asubuhi, na notisi zangu ziko Mwaloni. Tangu niajiriwe sijawahi kuingia darasani mikono mitupu.

Nadhani nitaanza kwa kuwauliza: jikoni kwa bibi yako, mwiko mnauitaje?