Magoli Yaliyochipua Kibabi

Kibabi, Jumanne, 4 Machi 1952
Maharagwe motoni. Kuni mbichi, moshi tele. Mwalimu, mume wangu, ameenda uwanjani kabla ya uji, tena. Watu husema sina mke mwenza. Ninaye: uwanja wa mpira.

Ulisawazishwa kwa hela ya sheferi, ofisi ya chifu wetu, yaani kodi ya kila mwanamume hapa, mwenye jembe na mwenye ng'ombe. Jumapili bwana wa teritwari, Mbelgiji anayetawala wilaya, anakuja kuukagua. Akikuta watu wote wanacheza, atatoa mipira. Akikuta ni wa kundi moja, wakulima tu au wafugaji tu, utapandwa pareto. Mwalimu amekonda kwa ajili hiyo.

Jumatano, 5 Machi
Magoli yameota majani! Papa Bauma, mkulima jirani yetu, alichimbia nguzo mbichi za muvumu, mti unaochipua hata ukikatwa, kama anavyofanya kwenye uzio wake. Mvua ikamalizia. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Mwalimu hakucheka. Hapa kwetu ukipanda muvumu ukashika, udongo ni wako.

Ijumaa, 7 Machi
Papa Sebagabo, mwenye ng'ombe wa kule mlimani, amewazuia vijana wake. Amekuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Kodi tulilipa siye bote, Mwalimu. Lakini muti ya Bauma imeshika. Udongo iko yake sasa. Batoto yangu habatacheza mu shamba ya muntu."

Bauma anaapa hakukusudia. Namwamini. Kung'oa hataki, muvumu ulioshika haung'olewi hivi hivi. Kwa hiyo timu ni moja. Icheze na nani, na mbuzi?

Mwalimu hakugusa ugali. Nawakasirikia wazee wote wawili. Na huyu wangu nampenda, akikataa kula hivyo roho inaniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeenda kununua maziwa kwa Sebagabo. Nikakaa na mkewe muda mrefu kuliko kawaida. Nikamwambia: mivumu miwili ikisimama pamoja hushikana, baadaye hakuna ajuaye upi ni wa nani. Leteni yenu, ipandwe ubavuni mwa ya Bauma, kila nguzo.

Alicheka. Mchana Sebagabo akateremka na panga na fito mbichi begani. Bauma ndiye aliyemchimbia mashimo, huku akinung'unika kwamba mwenzake hajui kuchagua fito. Wakazifunga nguzo pamoja kwa kamba moja. Magoli yamekuwa membamba, golikipa peke yake anafurahi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa, kilima chote kilikuwa pale. Bwana alishika jani la goli, akatazama, hakuuliza. Vijana wa Sebagabo walifunga, wa Bauma wakasawazisha. Wazee wawili walitukana refa kwa sauti moja. Refa ni mume wangu. Sijawahi kumwona na furaha namna hiyo.

Pareto ikapandwe kwingine. Mipira imeahidiwa.

Jumatano, 12 Machi
Mvua imekatika. Natoka shambani na kikapu cha viazi.

Uwanjani nimekuta binti wa Bauma na wawili wa Sebagabo wakipiga mpira wa majani ya ndizi, nguo wamezikaza kiunoni. Mwalimu alikuwa ameshanyanyua filimbi awafukuze. Wanaume wakihesabu watu wote, sisi hutusahau.

Nilimtazama tu. Akashusha filimbi, akaenda nyumbani kuwachukulia mpira wa kweli.

Nikatua kikapu, nikakaza kitenge, nikaingia golini.