Treni Yako Ilikuwa Inakatika Malampaka

Baba yangu,

Mwangaluka. Nakusalimia kwanza, maana hukuwa na habari na mtu anayeanza na shida kabla ya salamu. Sasa shida yenyewe. Ile treni yako ndogo, yenye injini ya kijani aliyokuachia yule mhandisi mgeni alipokuwa anarudi kwao, ile uliyotukataza tusiiguse kwa mikono ya miwa, ilifika Bariadi ikaanza kukatika. Inakwenda, inasimama. Ukiitazama vibaya inakwenda tena.

Niliichukua pamoja na mama. Baada ya matanga yako mimi na kaka Shija tulikubaliana kwamba mama asibaki peke yake Malampaka, nikaja naye huku kwangu. Kwenye pikapu alipakia godoro lake, sufuria zake na ule ubao wako uliopigilia reli za treni hiyo. Ubao tuliutenganisha vipande viwili kama ulivyoutengeneza, pale pale ulipochora stesheni ya Malampaka. Unakumbuka watu walivyokuwa wanakuuliza kwa nini reli yako haizunguki kama zile za kwenye picha? Ulikuwa unawajibu, "Reli haizunguki. Reli inakwenda mahali." Yako ilianzia Tabora, ukutani, ikaishia Mwanza, dirishani, basi.

Mama naye alikuwa anakatika, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Anaanza, "Mimi nataka..." kisha kimya, macho sakafuni, mkono umeinuka kidogo kama anamzuia mtu. Tukimletea maji, anakunywa kwa adabu tu. Tukimletea shuka, anajifunika na joto lote hili. Shija alipokuja kutoka Mwanza na kuliona jambo hilo, alinivuta pembeni. "Kabula, mama anapotea," akasema. Akataka amchukue akakae kwake, karibu na hospitali kubwa, na nyumba ya Malampaka iwekwe mpangaji. Tukapanga tulimalize Jumapili inayofuata. Shija si mtu mbaya, baba, unamjua. Anapenda kwa haraka. Mimi sikuwa na hoja yoyote, nilikuwa na treni mbovu tu mezani.

Nikaanza na treni, maana mama mwenyewe ndiye aliyeniomba. "Iwashe niisikie," alisema. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akiona kitu kinakwama anakipaka mafuta. Nikaipaka mafuta ya cherehani, magurudumu yote, bila choyo. Hapo ndipo ikagoma kabisa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia umeme unapanda kutoka kwenye reli kupitia magurudumu hayo hayo, na kwamba wewe ulikuwa unayafuta kwa spiriti na kitambaa kikavu, mafuta hukuyasogeza karibu. Kumbe miaka yote ile alipokuwa anachambua mchele upande wa pili wa meza, alikuwa anajifunza. Nikajiuliza, mtu anayepotea anakumbuka spiriti?

Nikafuta magurudumu, nikafuta reli, nikafungua tumbo la injini nikanyoosha vile vibati vya shaba vinavyogusa magurudumu. Ikatembea vizuri, halafu ikakatika tena. Ndipo nikakukumbuka. Ulizaliwa kwa wafugaji kule Shishiyu kabla reli haijakuajiri, na hata ulipokuwa unaikagua njia kwa miguu, ukigonga viungo vya reli kwa nyundo, kichwani ulikuwa bado unachunga. Kitu kikiharibika ulikuwa na swali moja: "Ugonjwa uko kwa ng'ombe au uko malishoni?" Redio ikikoroma, uliihamisha chumba kabla ya kuifungua. Nilipoanza kufeli hesabu hukunigombeza. Ulimwomba mwalimu anihamishie dawati la mbele, na tukajua kumbe ubao nilikuwa siuoni.

Basi nikachukua chaki ya kukatia nguo. Kila injini iliposimama, nikaweka alama kwenye ubao. Nikaigeuza itangulie mkia, nikaendelea kuweka alama. Zikawa nyingi, na zote zilikuwa upande wa Mwanza. Upande wa Tabora, ambako waya wa umeme umeungwa, hapakuwa na hata moja. Ng'ombe alikuwa mzima. Umeme ndio ulikuwa unashindwa kuvuka Malampaka, pale tulipounganisha tena ubao. Kile kiungo kidogo cha bati kinachoshikanisha reli na reli kilikuwa kimelegea kwa safari ya pikapu. Nikakibonyeza kwa kidole, injini ikaondoka. Nikaachia, ikaendelea kwenda. Hilo likanishangaza: kama kimelegea, mbona mara nyingine kinapitisha?

Jibu lilikuja na lori. Unajua msimu wa pamba ulivyo huku. Nyuma ya nyumba yangu malori yanapita kwenda kiwandani yamejaa mpaka yanayumba. Likapita moja. Sakafu ikatetemeka, meza ikatetemeka, injini ikasimama. Na mama, aliyekuwa ananisimulia ugomvi wa shangazi wa Nyashimo na jirani yake, akanyamaza katikati ya neno, mkono umeinuka kidogo.

Nilibaki nimeshika chaki. Baba, ule mkono niliujua. Ulikuwa mkono wako. Nyumba yetu ya Malampaka ilivyokuwa jirani na reli, hakuna aliyeweza kushindana na treni kwa sauti. Sakafu ikianza kutikisika ulikuwa unainua mkono, "Ngoja ipite," na sote tunanyamaza, awe mtu anasali au anagombana. Ikishapita, kila mmoja anaendelea na neno lake pale pale alipoliacha. Wageni walituona tuna kichaa cha ukoo. Mama ameishi hivyo tangu alipoolewa. Huku kwangu sakafu inatetemeka, ananyamaza, anangoja treni, na treni haiji. Sasa atajuaje kwamba imepita, wakati haikuja?

Kiungo sikukibana siku ile. Nilikaa karibu na mama, tukaendelea na Kisukuma chetu, nikawa nasikiliza malori. Likaja jingine, akanyamaza. Lilipotokomea nikamgusa goti. "Imepita, mama." Naye akaendelea, "...ndipo akamrudishia mbuzi wake," kama vile hapakutokea kitu. Machozi yalinitoka, mama akadhani ninamlilia yule mbuzi.

Jumapili Shija akaja. Chai ikamiminwa, akaanza kueleza mipango ya Mwanza, na aliieleza vizuri kweli, chumba kiko chini, choo kiko ndani. Mama akasema, "Mimi nataka..." Lori. Mkono ukainuka. Shija akanyanyuka haraka kwenda kuleta maji, nikamdaka shati.

"Kaa," nikamwambia. "Ngoja ipite."

Alinitazama kwa hasira. Halafu nikaona uso wake unabadilika, maana naye amekulia nyumba ile ile. Akakaa taratibu. Tukasikiliza lori mpaka likaisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Imepita, mama."

"...kurudi kwangu," mama akasema. "Tangu nimekuja nasema. Hakuna anayengoja nimalize."

Basi amerudi, baba. Binti mkubwa wa Shija amekwenda kukaa naye, na mpangaji hatutafuti tena. Treni ameniachia mimi. "Baki nayo," aliniambia akipanda gari, "mimi nakwenda kwenye kubwa." Kiungo nimekibana kwa plaizi, sasa injini inafika Mwanza bila kusita. Nilidhani nitafurahi zaidi. Nyumba imepoa bila yeye, na ninamkumbuka hasa saa za kuchambua mchele. Lori likipita siku hizi ninanyamaza mimi, wateja wananishangaa.

Juzi nilimpigia simu. Alikuwa katikati ya habari zake akasema, "Ngoja ipite," na nikaisikia treni yote kwenye simu, behewa baada ya behewa. Nilingoja. Ikaisha, akaendelea na neno lile lile.

Nikaona hapo ndipo pa kumwambia. Nilimwambia kwamba wewe, siku ile ya mwisho kitandani, ulinishika mkono ukasema, "Kabula, mwambie mama yako..." ukaishia hapo. Nilikuwa nimemficha kwa sababu sikujua nimpelekee nini, nusu ya neno. Mama akasema, bila kulia, "Baba yenu hajawahi kuacha neno lake njiani. Atalimalizia. Sisi tungoje ipite."

Wabeja, baba, asante kwa lile swali la ng'ombe. Pumzika. Huku tumenyamaza, tunakungoja umalize.

Mwanao,
Kabula