Uso wa Mzee Osewe

Kawangware, 8 Februari 1997

Kwa Baba,

Sisi huku kwa Shangazi tuko salama, kifua changu kimepoa. Wewe je, kichwa bado kinagonga asubuhi?

Barua hii Shangazi Nereah ataileta akija Laini Saba kuuza mitumba. Ninaandika kwa sababu nikiwa mbele yako maneno yananikwama. Hata darasani mwalimu wa English akiniita nasimama tu kama mlingoti.

Shangazi ameniambia madaktari wamesema ule uvimbe waliokutoa kichwani, uliokuwa ukikuza mifupa yako, haujarudi. Mifupa imeacha kukua, kwa hivyo sasa wanaweza kukata taya na kulirudisha nyuma mpaka meno yakutane. Na wewe umewaambia wangoje. Unangoja nini, Baba? Jumapili nilipokuja ulikula ukiangalia ukuta. Nilikusikia ukimeza nyama bila kutafuna. Nilijifanya nasoma.

Binti yako,
Jael

*

Laini Saba, 13 Februari 1997

Jael mtoto wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Kichwa ni nzuri, mikono ndio inakufa ganzi nikishika nyundo. Bado tunatengeneza masanduku ya shule na Shivachi, anakusalimia. Siku hizi yeye ndiye anaongea na wateja. Mimi nikisema kitu wananiuliza "ati?" mpaka nachoka, basi nanyamaza napiga bati.

Hii mambo ya taya. Unajua Dani yako, mamangu, aliniita Osewe kwa sababu kabla nizaliwe aliota babake, marehemu. Sasa nikiwa mtu mzima viatu zikaanza kunikataa, pete ikakatwa na msumeno, kidevu ikatoka mbele. Watu wakashtuka. Yeye alifurahi. Alisema, "Baba yangu anarudi." Ndio maana tulikaa miaka mingi bila kwenda hospitali, tulidhani ni jina inafanya kazi yake.

Picha ya huyo mzee haiko, Jael. Picha ni mimi. Na sasa Dani amekuja kutoka Siaya, tunakaa naye hapa. Kila asubuhi ananishika kidevu, ananiamkua vile mtoto anaamkua mzazi wake. Nitamwambia aje nataka ikatwe?

Babako

*

Kawangware, 22 Februari 1997

Kwa Baba,

Natumaini ganzi imepungua. Mimi mwili hauna shida.

Nilisoma barua yako nyuma ya choo cha shule ili nisionekane nikilia. Nitasema vibaya, unisamehe. Dani alimpata babake. Mimi nikampoteza wangu.

Zamani ulikuwa ukiniita kutoka kibandani nami nikikusikia mpaka kwenye reli. Sasa ulimi umejaa kinywani na jina langu linatoka nusu, kwa hivyo umeacha kuniita kabisa. Unanipungia mkono. Hapa sina mtu. Wasichana wanaongea Sheng haraka haraka, mimi nikitafuta neno wameshahamia hadithi nyingine. Ni wewe tu nilikuwa naongea naye.

Sikatai Dani ana uchungu. Lakini yeye haulizwi "ati?" na wateja.

Jael

*

Kawangware, 22 Machi 1997

Baba,

Hujambo? Kila Jumatano Shangazi anarudi na mfuko wa mitumba tu. Ananiambia umesafiri, lakini hanitazami machoni. Kama nilikukosea, kasirika kwa maandishi. Niandikie hata mstari mmoja.

Jael wako

*

Wodini, 9 Aprili 1997

Jael,

Niko hai. Uso imefura kama mandazi lakini niko hai. Shangazi yako usimlaumu, mimi ndiye nilimkataza aseme. Niliogopa nisipoamka utabaki ukihesabu ni barua yako ilinipeleka.

Wamekata, wakarudisha nyuma, wakafunga meno ya juu na ya chini pamoja na waya nyembamba. Nakunywa uji na mrija. Sasa tuko sawa wewe na mimi, wote hatuongei.

Dani nilimwambia mwenyewe. Alitoka nje akafua shati yangu ya kuendea hospitali.

Babako

*

Laini Saba, 4 Juni 1997

Jael mtoto wangu,

Salamu nyingi, mtihani ulienda aje?

Waya zimetolewa. Nisikudanganye. Mikono ni ile ile, pua ni ile ile, watoto wa hapa bado wananiangalia. Mdomo wa chini hausikii kitu, daktari amesema itarudi polepole ama isirudi.

Jana Dani alinishika kidevu kama kawaida. Akatafuta, akatafuta na vidole. Halafu akasema, "Ken." Hiyo ni jina ya ubatizo, hajawahi kuniita hiyo tangu nizaliwe. Leo asubuhi amepanda basi ya Siaya. Nilimbebea mzigo mpaka stendi. Nilisikia ni kama nimezika mzee mwenyewe, na mimi sikumjua.

Nikirudi nilinunua hindi choma. Nimelitafuna mstari kwa mstari mpaka taya ikauma, na hakuna mtu wa kuonyesha.

Kuja Jumapili. Ile stuli nakalia nikikula nimeigeuza, haiangalii ukuta tena. Kama utafika na usinijue, usione haya, simama tu hapo kwa reli. Mimi nitakuita. Nimejaribu hapa peke yangu, jina yako inatoka yote.

Babako