Ushuhuda wa Dada Mbele ya Mama

Shoga, siamini. Siamini kabisa!

Dada amepanda jukwaani leo kuzindua albamu yake ya nyimbo za dini. Kabla ya kuimba, akatoa ushuhuda: "Mama yangu alinitupa nikiwa mchanga. Nimelelewa na Mungu tu."

Eti alinitupa! Na Mama amekaa safu ya pili!

Ukumbi mzima ukalia. Mgeni aliyekaa kando ya Mama akampa kitambaa: "Pole, mama. Kuna wazazi wakatili jamani."

Mama hakulia. Wimbo ulipoisha, alikwenda mbele akashika maikrofoni. "Mzazi mwenyewe ni mimi. Gauni hilo alilovaa nimemshonea juzi."

Dada akamgeukia fundi wa sauti: "Mzimie huyu mama maikrofoni."

Huyu mama, shoga. Huyu mama!

Mama akajibu bila maikrofoni, na ukumbi wote ukasikia: "Basi nivulie gauni langu."