Sherifu wa Jina Tu

Tolliver,
11 Machi 1974

Mwanangu Lorene,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua kukiwa na baridi. Baba yako ndiye mgonjwa. Kiharusi cha Desemba kimemwachia mkono mmoja na nusu ya mdomo, na kwa hiyo nusu bado anagomba kama zamani.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo, na sina mwingine wa kumwuliza. Bunge la jimbo limepitisha sheria mpya ya masherifu. Kuanzia sasa sherifu atalipwa mshahara, hataishi tena kwa ada za hati na faini za walevi, na ataruhusiwa kugombea vipindi viwili mfululizo. Tena wameanzisha mfuko wa pensheni, utakaojazwa kwa ada ndogo itakayotozwa kila kesi mahakamani. Hata masherifu wa zamani wamo, mradi mtu awe amekaa ofisini miaka kumi na miwili. Baba yako anayo minane. Ile minne ya katikati ni yangu.

Unakumbuka, ulikuwa na miaka kumi na minne. Sherifu alikatazwa kujirithi mwenyewe, kwa hiyo wanaume waliweka wake zao, kaunti baada ya kaunti. Baba yako alisimama kwenye ngazi za mahakama akasema, "Mpigieni Delphia kura, mimi nitabaki palepale!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakanichagua. Nikala kiapo nikiwa na unga kwenye kucha, nikarudi jikoni kuwapikia mahabusu, maana nyumba yetu na jela vilikuwa jengo moja. Beji niliivaa mara moja tu, juu ya aproni, kwa sababu wewe ulitaka kuniona nayo.

Jumanne alikuja Mheshimiwa Ratliff, mbunge wetu. Alikula vipande vitatu vya mkate wa mahindi, akaninong'oneza kwamba ameingiza kifungu kwa ajili ya watu kama sisi. Mke akila kiapo kwamba alikuwa sherifu wa jina tu, kwamba hakuwa na mamlaka yoyote, basi miaka yake anahesabiwa mumewe. "Ni saini moja tu, Bi Delphia," akaniambia. "Na itakusafisha pia na lile jambo la kijana wa Noble."

Alilisema kwa wepesi, kama anayeomba chumvi. Miaka kumi hakuna aliyemtaja Arlis Noble ndani ya nyumba hii. Alifia kwenye jela yangu, na hati ya kifo chake niliiandika kwa mkono wangu, mimi, Sherifu. Mama yake, Icie, bado tuko naye kanisa moja. Zamani, kila Jumapili ya kuoshana miguu, yeye aliniosha mimi nami nikamwosha yeye. Siku hizi ikifika Jumapili hiyo anavuka ukumbi mzima kumtafuta mwanamke mwingine, nami nabaki kitini na soksi zangu.

Niambie, nitie saini? Baba yako anasubiri, na sisi huku hali si nzuri.

Mama yako,
Delphia


Akron,
20 Machi 1974

Shikamoo Mama,

Barua imefika. Mimi mzima. Kikohozi kipo, lakini huku kila mtu anakohoa, hata mchungaji. Niliposoma kwamba Baba amebakiwa na nusu ya mdomo nilicheka, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka tena. Mungu anisamehe.

Mama, tia saini. Hukuwa sherifu, ulikuwa mpishi. Ulikaa miaka minne ukichemsha maharage ya wezi wa kuku na wapika gongo, na alichokuambia Baba uandike ukaandika. Tia saini mpate kula na kununua makaa ya kupashia nyumba joto. Na Icie Noble aambiwe mbele za watu kwamba hukuwa wewe. Kwangu hilo pekee lingetosha.

Usiniulize habari za Jumapili ile aliyokufa Arlis. Labda unajua kwa nini niliondoka, labda hujui, na mimi sitaki kuiandika. Nikiwa kazini matairi yanapita mbele yangu, na mimi nauona ule msumari wa pembeni mwa jiko letu. Kila siku, Mama, miaka kumi.

Tia saini. Usingoje.

Mwanao,
Lorene


Tolliver,
9 Aprili 1974

Mwanangu Lorene,

Salamu nyingi, na asante kwa hizo glavu ulizotuma. Baba yako anaendelea vilevile. Mimi nina afya ya mwili.

Nilikwenda kwa karani wa kaunti Ijumaa. Karani siku hizi ni Estill, mwana wa yule mwenye duka la mbegu, naye husoma kila hati kwa sauti ya mhubiri, hata leseni ya mbwa. Akanipa kalamu, akaanza kunisomea: "Mimi, Delphia Gabbard, naapa kwamba katika miaka hiyo minne sikuwa na mamlaka yoyote, sikutoa amri yoyote, wala sikushika funguo za jela." Ofisi nzima ikasikia. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Icie Noble, amekuja kukata leseni ya mbwa wake.

"Kumbe hukuwa wewe?" akauliza.

Miaka kumi hajanisemesha, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza.

"Hukuwa yeye, dada Icie," Estill akanijibia. "Ndivyo hati inavyosema."

"Basi ni nani aliyeandika kwamba mwanangu alijinyonga kwa mkanda? Arlis hakuwa na mkanda. Alivaa ovaroli. Niliifua mimi mwenyewe Jumamosi."

Niliiweka ile kalamu mezani, Lorene, nikatoka nje.

Habari ya ovaroli niliijua siku ileile. Unajua alichofanya Arlis. Alikamatwa Jumamosi kwa ulevi, na Jumapili asubuhi baba yako alipopita uwanjani na wazee wa mji, yule kijana akamwita kutoka dirishani, "Hujambo, mke wa sherifu!" Wazee wakacheka. Mimi nikaenda kanisani. Niliporudi, miguu yangu bado ina unyevu wa maji ya Icie, nilimkuta mwanawe sakafuni, uso wake hautambuliki, na baba yako amekaa kwenye ngazi anavuta sigara. Akaniambia, "Andika mkanda." Nikaandika mkanda. Tukamzika jeneza likiwa limefungwa.

Ningeweza kuandika kweli. Hakukuwa na mtu kaunti nzima mwenye mamlaka ya kunizuia, baba yako akiwemo. Hilo ndilo linalonitafuna. Sasa wanataka niape kwamba sikuwa na mamlaka, na mimi nilikuwa nayo yote.

Baba yako hasemi nami. Anagonga fimbo sakafuni akitaka kahawa, namletea. Nimeamua kwenda kwa mwendesha mashtaka mwisho wa wiki ijayo, niseme yote.

Mama yako,
Delphia


Akron,
13 Aprili 1974

Mama,

Leo sina salamu, unisamehe.

Usiende. Nakuomba. Wakikuuliza jela ilifunguliwaje utawajibu nini? Asubuhi ile ulizitundika funguo kwenye msumari, ukafunga kofia yako ya kanisani, ukaniambia, "Usimpe mtu, hata baba yako. Arlis amemtukana, mwache kwanza hasira zimwishe." Nikasema, ndiyo Mama. Hata robo saa haikupita akaingia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Lete funguo," nami nikazitungua nikampa. Kisha nikaongeza sauti ya redio. Nilisikia yote, Mama, redio haikusaidia kitu. Arlis alikuwa akiita mama yake, na mama yake alikuwa na wewe, mnaoshana miguu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Si mtoto huyo. Ukienda kusema, nami nitakuja kusema. Tia saini hati yao, hatuna njia nyingine sote.

Barua hii ichome.

Lorene


Tolliver,
30 Aprili 1974

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako, na pole kwa ulichokibeba. Barua nimeichoma, nikakoroga na majivu.

Nilikuwa nimekwishajua. Mimi huzitundika funguo ile kubwa ikiwa mbele. Siku ile nilizikuta kubwa iko nyuma, na wewe umekaa karibu na jiko umekunja mikono, redio inapiga kelele. Sikukuuliza kwa sababu ungenijibu. Nilipokuona unapanda basi mwezi wa tisa nilijua unakimbia nini, na nikakuacha uende ukiamini hakuna anayejua. Hapo nilikosa. Nisamehe mama yako.

Nimekwenda, nimesema. Lakini kwanza nilipita kwa Icie, maana haikuwa haki alisikie kwa watu. Hakunikaribisha ndani. Nilisimama barazani nikamweleza kila kitu, baba yako alivyofanya na mimi nilivyoandika. Mbwa wake alininusa miguu muda wote.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Miaka kumi nilikuwa namchukia mtu mmoja," akasema. "Sasa wako wawili."

Akafunga mlango. Sikutegemea jingine, lakini njiani nililia hadi nikaketi chini.

Ratliff amepiga simu. "Bi Delphia, umekiua kifungu chako mwenyewe," akasema. Pensheni hakuna. Madaktari wameandika kwamba baba yako hawezi kusimama mahakamani, kwa hiyo wamemwacha na kiti chake. Jana alinisemesha. Ilimchukua muda mrefu kupata maneno. Alisema, "Ungetia saini tu." Nikamwambia yule kijana alikuwa na mama. Akageuza uso ukutani.

Mimi bado hawajaamua wanifanye nini. Wewe usije. Nasema kwa mara nyingine, usije, na habari ya jikoni usiiandike tena.

Mama yako,
Delphia


Akron,
3 Juni 1974

Shikamoo Mama,

Natumaini mu wazima. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nimepiga simu nyumbani, inaita tu. Jumapili nilimpigia shangazi Zella, akasema baba yuko kwake, kisha nilipouliza habari zako akaanza kulia na simu ikakatika. Au aliikata.

Mama, siwezi tena. Nimeomba ruhusa kazini na nimekata tiketi ya basi la tarehe ishirini. Nitakuja kuwaeleza habari ya ule msumari, wanifanye wanavyotaka. Huwezi kubeba ya watu wote.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Lorene


Jela ya Kaunti, Tolliver,
14 Juni 1974

Mwanangu Lorene,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi.

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa, kama zinavyofunguliwa zote hapa. Naibu wa sherifu huzisoma kwanza, za kuja na za kwenda, na zile zinazohusu kesi humpelekea mwendesha mashtaka. Ni mtu mwenye adabu zake. Husoma akichezesha midomo, kwa hiyo naandika kwa mwandiko mzuri asipate taabu.

Nipo chumba cha pili, upande wa dirisha. Chakula kinatoka mgahawani kwenye sinia za bati, siku hizi mke wa sherifu hapiki, anauza poda na manukato mjini, na mumewe ana mshahara. Maharage yao hayana chumvi. Sherifu ananiambia atagombea tena kwa jina lake mwenyewe, sheria inamruhusu, na mkewe amemwambia, "Vizuri sana, mimi simo." Nilifurahi kusikia hivyo.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya kuoshana miguu. Kanisa si mbali, niliwasikia wakiimba. Nilivua soksi, kisha nikazivaa tena.

Sasa nisikilize. Umeniandikia habari ya msumari. Ni ule uliokuchoma mguu ulipokuwa na miaka sita, najua mpaka leo unauota. Hauna uhusiano wowote na mambo haya, na hakuna haja ya kusafiri kuja kuueleza. Jumapili ile aliyokufa Arlis wewe hukuwepo nyumbani. Wiki nzima ulikuwa kwa shangazi yako Zella, ukimsaidia kulea mapacha. Zella anakumbuka vizuri, na amekwisha kuulizwa.

Jikoni hakukuwa na mtu. Funguo nilimpa baba yako mimi, mkononi, asubuhi kabla ya kwenda kanisani, nikijua ana hasira na nikijua anakokwenda nazo. Nimeapa hivyo na nimetia saini. Nani mwingine angempa? Sherifu nilikuwa mimi.

Rudisha hiyo tiketi. Kitibu kikohozi chako.

Mama yako,
Delphia Gabbard,
Sherifu wa Kaunti ya Tolliver, 1962 hadi 1965