Firigisi ya Sikukuu

Mbegani, Bagamoyo
6 Aprili

Kwa dada yangu Saida,

Shikamoo. Naomba kwa Mwenyezi Mungu barua hii ikukute na afya, na kile kikohozi kilichokuandama Ramadhani nzima kiwe kimeshakuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua akiinama, lakini anasema ni la umri, si la kuhangaikia. Mimi naendelea na masomo, na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ni mwezi ujao.

Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya ujumbe wa simu. Uliponipigia siku ya tatu ya sikukuu nilikujibu "ndiyo, dada" mara nne na hukusikia lingine. Unanijua, maneno yangu hukwama kooni yakatafuta njia ya mkononi. Kesho Yahya anakuja Dar kununua vipuri vya pikipiki, nimempa bahasha hii pamoja na daftari lenye jalada la kijani. Tafadhali usilifungue daftari mpaka nitakapokwambia.

Uliniomba niandike kurasa mbili kueleza kwa nini kikundi cha mwani cha kina mama kimeanguka, kwa sababu mimi ndiye mwenye lugha nzuri nyumbani, na ripoti yako lazima imfikie Bwana Haidar kabla ya mwisho wa mwezi. Ukanipa na jibu kabisa: kina mama walikosa nidhamu ya biashara. Nimekaa na karatasi siku tatu. Sentensi hiyo haiandikiki, dada.

Picha yako ya mahafali, ile uliyovaa joho na kofia ya pembe nne, Mama ameitundika mahali palipokuwa na saa ya Baba. Saa imehamia chumbani kwangu, na haitembei. Mgeni akiingia huoneshwa picha kabla hajapewa maji. Watu wote humwita Mama Saida, na ni haki yako kwa kuwa ndiwe wa kwanza. Lakini nimefikisha miaka kumi na saba na sijasikia hata mtu mmoja akikosea akamwita Mama Hajra. Halafu kuna ile firigisi. Tangu Baba afariki, firigisi ya kuku haikuwa na mwenyewe katika nyumba hii. Mama aliikatakata akaitia mchuzini, kila mtu akapata alichobahatika. Mara ya kwanza uliporudi na gari la mradi aliiweka nzima juu ya wali wako. Mimi ndiye niliyemkimbiza kuku yule, nikamnyonyoa, nikakuna na nazi mbili. Nilikutazama ukiitafuna huku unaongea na simu, wala hukujua unakula nini.

Siku Bwana Haidar alipokuja na viatu vyake vyeupe kuufungua mradi wa Mbegu Mtaji, nilikuwa nyuma ya banda la kukaushia mwani, nasikiliza. Alisema maskini si mpokeaji, maskini ni mteja. Bi Batuli akamuuliza, mwanangu, na mteja asiye na kitu mfukoni huko mjini mnamwitaje? Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Ukasimama wewe ukawatuliza. Ulisema cha bure hakithaminiwi, kwamba mbegu ni mtaji uliolala, na anayegawa mtaji wake hatoki kwenye umaskini. Wakakupigia makofi. Mama akapiga kigelegele. Uliongea vizuri kuliko bosi wako, na hilo pia liliniuma.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Ni Shangazi Mardhiya peke yake mwenye kamba za mwani kwenye mkondo wa kina, kwa kuwa ndiye asiyeogopa maji ya kifuani. Kaskazi ikikaza, maji ya kina kifupi hupata moto mchana, mwani wa wengine hugeuka mweupe na kukatika, wa Shangazi hubaki. Mvua zikianza huwakatia wote mbegu, vichipukizi vya mwani vya kufunga upya kambani, kila mmoja kifungu. Mwaka ambao mawimbi yamezoa kamba zake, hukatiwa yeye. Hakuna anayetaja bei. Ukizidisha kushukuru utaambiwa mbegu hailipwi, hurudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima yetu, ingawa hatukuwa na neno hilo.

Mlimfundisha Shangazi kuuza, naye ni mwanafunzi mzuri. Desemba wakaja wanunuzi kutoka upande wa Tanga na lori, wakabeba mbegu yote ya mkondoni. Ulimpiga picha akicheka, noti mkononi. Januari haijaisha, kamba za kina mama zilikuwa nyeupe kama miiba ya samaki, na mkondoni hakukuwa na kitu cha kukata. Bi Ashatu alisalimika na vifungu viwili. Mama alipokwenda kumwomba, akatajiwa bei. Mama huyu huyu aliyemkanda Bi Ashatu katika uzazi wake, mara zote tatu! Mama hakumlaumu. Alirudi akasema ndivyo tulivyofundishwa, akaendelea kupepeta mchele.

Shangazi sasa yuko Chalinze, anauza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi. Hakufukuzwa na mtu. Alitoa salamu bandani siku mbili mfululizo hakuitikiwa, siku ya tatu akafunga kanga zake.

Nakuuliza kwa adabu, dada, kwa kuwa wewe umesoma na mimi bado. Kama cha bure hakithaminiwi, ile ada yako ya mwaka wa kwanza ilikuwa nini? Kina mama walitoa mavuno ya bamvu mbili, maji makubwa ya mwezi mzima, Shangazi akaongeza ya tatu, wala hakuna aliyekuita mteja. Shahada yako yenyewe ni mbegu ya kukatiwa. Darasani kwetu kila mwenye akili anataka kusomea fedha au masoko. Haji anayekaa mbele yangu ameshaanza kuvaa tai siku za mdahalo. Huwa najiuliza huko chuoni wanafundisha bei ya kila kitu, je, kuna somo hata moja la vitu vinavyokufa vikitiwa bei?

Ningeishia hapa barua ingekuwa nzuri, na mimi ningeonekana mtu wa busara. Lakini sasa fungua daftari.

Nilipokuwa kidato cha pili, Mwalimu Rajabu wa Baiolojia alinipa kipimajoto. Misimu mitatu nimepima maji kila bamvu, saa sita mchana, yakiwa yametoka. Mwaka juzi nilikuonesha. Ulipitia kurasa mbili, ukacheka, ukaniambia, mdogo wangu, haya nani atayanunua? Hukusema kwa ubaya, lakini neno lile nimeishi nalo.

Ukurasa wa arobaini na moja ni wa Desemba. Utaona maji yalifikia joto ambalo miaka mingine hulifikia Februari. Nilijua mwani wa kina kifupi utakufa mapema, tena wote, na kwamba mbegu ya mkondoni haifai kuguswa. Jioni ya kabla ya lori kuja tulikuwa tunaosha vyombo, ukaniuliza, Hajra, wewe unayeshinda pwani na kipimajoto chako, huna la kuniambia? Nikasema sina, dada. Daftari lilikuwa chini ya godoro langu. Sikusahau, wala aibu yangu ya kawaida haikunizuia. Nilitaka ushindwe. Nilitaka, mara moja tu, Mama aitazame ile picha asitabasamu. Haikunijia kwamba kuanguka kwako kungempitia Shangazi kwanza.

Sikukuu hukuja. Mama alichinja kuku, na alipopakua akaiweka firigisi nzima juu ya wali wangu. Akasema, kula mwanangu, nimebaki na wewe. Miaka yote ile nilikuwa nikiitamani. Niliitia mdomoni ikakataa kutafunika. Mama aliposimama kwenda kunawa nikaitoa nikampa paka. Aliporudi akaniuliza kama ilikuwa laini, nikamjibu laini sana.

Kwa hiyo usiandike habari za nidhamu. Andika kwamba kina mama walifanya sawasawa na walivyofundishwa, na kwamba mtu mmoja aliyejua alinyamaza. Jina langu liandike kamili. Mama nitamwambia mwenyewe, kabla Yahya hajafika kwako.

Na kuna jambo moja bado halijaharibika. Bi Batuli ana ndugu zake ng'ambo ya hori, wao mbegu yao imepona. Wamesema watatukatia bila bei, lakini aende kuomba Shangazi Mardhiya mwenyewe, kwa sababu mwaka mawimbi yalipozoa kamba zao ndiye aliyewakatia. Mvua zimeshaanza, na mbegu haingojei. Naomba uje Ijumaa twende Chalinze. Peke yangu mbele ya Shangazi sitatoa sauti. Nikisimama karibu yako labda itatoka.

Sikwambii kwamba wivu umekwisha. Nilipokuwa naandika habari za joho nilihisi ukiniuma upya. Ila leo alasiri Bi Ashatu alipita nje akaita, "Hodi, Mama Saida!" Mama alikuwa kwenye mswala. Nikatoka mlangoni nikamjibu, "Mama Saida anaswali, karibu umsubiri." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina hilo. Alisimama kidogo, kisha akaketi barazani.

Nisalimie shemeji Yunus, na Shufaa mbusu mashavu yote mawili. Mama anasema usiache kunywa tangawizi. Nakungoja Ijumaa, hata ukija umekasirika.

Ni mimi mdogo wako,
Hajra Mwinyijuma