Sale la Kupeleka Mabogini

Jumatatu, 24 Novemba
Mvua. Barabara yetu ya Kibosho tope tupu, nimefika shuleni viatu mkononi. Kiingereza, Kidato cha Kwanza: on the other hand, yaani kwa upande mwingine. Karibu darasa zima wamekosea. Tuna ng'ombe, on the other hand tuna mbuzi. Nimewaeleza mpaka sauti imekauka: upande wa kwanza useme jambo, wa pili ulipinge. Sentensi tano kila mmoja. Nyumbani ndizi za jana, nimekula nimesimama. Tangu mke wangu, mama Anjela, afariki sipendi kukaa mezani.

Jumatano, 26 Novemba
Dada yangu Filomena kapita. Kauliza kama binti yangu Anjela atakuja Krismasi. Nimemjibu mila iko wazi: mtoto akimkosea mzazi analeta jani la sale kuomba msamaha, na mzazi hawezi kulikataa. Masale yamejaa mpakani mwa kihamba hiki, shamba letu la ukoo. Mwaka wa pili nasubiri jani moja. Filomena kanywa chai, kaondoka. Nimebaki na hasira.

Alhamisi, 27 Novemba
Nimesahihisha madaftari. Hovyo vilevile. Nikasema niandike mfano wangu wa ubaoni. Upande wa kwanza ulitoka wenyewe: binti yangu aliniacha, akaolewa na mkulima wa mpunga asiye wa kwetu. Wa pili ukagoma. Chai imepoa nikiukodolea macho. Kisha nikaandika: on the other hand, walipokuja kunisalimia, mimi ndiye niliyewafungia geti. Nimeichana karatasi. Aibu, mtu mzima.

Ijumaa, 28 Novemba
Ubaoni nimeandika mfano wa mvua na jua. Wameelewa. Mimi sijatulia.

Jumamosi, 29 Novemba
Nimekata sale asubuhi. Mzazi kumpelekea mtoto sale, sijawahi kusikia. Nimelificha ndani ya koti, majirani wasinicheke. Mabogini, kwao Anjela na mumewe, jua kali. Mkwe wangu kaniamkia shikamoo baba, kanipa kiti, kaenda kumwita mkewe kwenye majaruba ya mpunga. Kijana mstaarabu. Sikuwahi kumtazama usoni. Anjela kaja na tope hadi magotini. Kaliona jani, kasimama mbali.

"Baba, hilo ni mimi wa kukuletea wewe."

"Geti nililifunga mimi," nikasema. "Pokea."

Kajifuta mikono kwenye kanga, muda mrefu. Kapokea. Kanipakulia wali, tumekula. Hakusema kama watakuja Krismasi. Sikuuliza, niliogopa.

Jumapili, 30 Novemba
Misa ya kwanza. Nyumba kimya kama kawaida. Nimekula mezani, peke yangu. Nimetia mafuta bawaba za geti, nikaliacha wazi. Mbuzi wa jirani kaingia, kala maharage yangu nusu tuta. Nimemfukuza. Geti sikulifunga.